Kanda za magendo za Pink Floyd: mwenye mali hakuwa mwenye kuhifadhi

Tarehe 12 Desemba 2025 lilitoka toleo la kuadhimisha miaka 50 ya Wish You Were Here, albamu ya Pink Floyd, bendi ya roki ya Uingereza. Matoleo ya namna hii yana desturi yake: nyimbo zilezile zimesafishwa upya, vipande vya majaribio ya studio, picha za zamani. Safari hii kulikuwa na jambo la ziada, onyesho zima la Aprili 26, 1975 katika ukumbi wa Los Angeles Sports Arena. Onyesho hilo halikurekodiwa na bendi, wala na kampuni yake, wala na kituo chochote cha redio. Lilirekodiwa na Mike Millard, mkazi wa kusini mwa California aliyeingia ukumbini kama mtazamaji mwingine yeyote, ila yeye alikuwa na vipaza sauti vya AKG na kinasa sauti cha Nakamichi, kinyume cha masharti ya mlangoni. Mbinu iliyomfanya ajulikane miaka ile ni kukaa kwenye kiti cha magurudumu ilhali miguu yake ni mizima, mashine imefichwa, rafiki anamsukuma. Kwa miaka 50 rekodi hiyo iliitwa ya magendo. Leo imesafishwa na Steven Wilson, mwanamuziki na fundi wa sauti, na inauzwa na Sony, kampuni ambayo Oktoba 2024 ilinunua haki za rekodi za bendi hiyo kwa takriban dola milioni 400 za Marekani.

Tangu siku hiyo zimezunguka tafsiri mbili. Ya kwanza inasema wizi umehalalishwa: mtu alivunja masharti, akarekodi asichoruhusiwa, na mwishowe kazi yake imevishwa joho la toleo rasmi. Ya pili inasema kampuni imeokoa rekodi iliyokuwa ikipotelea vichochoroni, kwa hiyo wakusanyaji wanaweza sasa kufunga makabati yao na kwenda kulala. Naona zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja: zinachanganya kumiliki na kuhifadhi. Kwa nusu karne, kazi ya kuhifadhi maonyesho ya awali ya Pink Floyd ilifanywa kwa sehemu kubwa na watu wasio na haki yoyote ya kisheria juu ya muziki ule, huku wenye haki wakiwa na shughuli nyingine. Na toleo hili, likisomwa pamoja na sheria ya hakimiliki ya Ulaya, haliwafutii wenye haki lawama hiyo. Linawaongezea deni.

Kabla ya kwenda mbali, tutenganishe vitu vinavyoitwa kwa jina moja. Kunakili albamu iliyo dukani na kuiuza kwa bei ya kutupa ni uharamia, na hakuna mkusanyaji makini anayeutetea. Rekodi ya magendo ni kitu kingine: ni muziki ambao bendi haijautoa kabisa, ulionaswa ukumbini au kwenye matangazo ya redio, ukaanza kutembea mkono kwa mkono. Historia ya magendo haya katika muziki wa roki huanzia Marekani katikati ya mwaka 1969, ilipotoka santuri ya Bob Dylan iliyoitwa Great White Wonder, jalada lake jeupe tupu. Miezi michache baadaye mtu alirekodi Rolling Stones mjini Oakland, Novemba 9, 1969, na santuri ya onyesho hilo ikawahi sokoni kabla ya ile ambayo bendi yenyewe iliitoa mwaka uliofuata. Pink Floyd nao yaliwakuta. Februari 1972 walipiga usiku nne mfululizo katika ukumbi wa Rainbow, London, wakionyesha kazi mpya iliyokuja kuitwa The Dark Side of the Moon. Rekodi ya Rainbow ilichapishwa kwenye santuri na kuuzwa, ilhali albamu yenyewe haikutoka mpaka Machi 1973. Watu walikuwa nayo nyumbani kabla bendi haijaimaliza.

Ndani ya magendo yenyewe kuna makundi mawili, na mjadala wote huharibika pale yanapofungwa kwenye furushi moja. Kuna wachapishaji waliotengeneza santuri na baadaye sidii, wakauza, wakatia pesa mfukoni. Hawa walikuwa wafanyabiashara, na walijua kutafuta mianya ya sheria: mwishoni mwa miaka ya 1980 waliegemea Italia na Ujerumani, ambako ulinzi wa wasanii wa nje ulikuwa na matundu, mpaka Oktoba 1993 Mahakama ya Ulaya ilipoamua katika kesi ya Phil Collins, ambaye onyesho lake la California la 1983 lilikuwa likiuzwa Ujerumani bila idhini, kwamba msanii wa nchi mwanachama hawezi kunyimwa ulinzi kwa sababu tu si raia wa nchi ile. Halafu kuna wakusanyaji waliobadilishana. Desturi yao ilikuwa moja na waliishika kwa ukali: unatuma kaseti tupu na stempu za kurudishia, mwenzako anakurudufia, hakuna shilingi inayopita. Aliyeuza alitengwa. Millard mwenyewe alikuwa wa kundi hili. Aliwachukia wachapishaji kiasi kwamba alitia alama za siri kwenye nakala alizogawa, ili santuri ya biashara ikitokea ajue ni nani aliyemsaliti.

Na hawa wa kundi la pili walijenga elimu. Mkusanyaji akipokea kanda hatangulizi kuuliza kama sauti ni nzuri. Anauliza imetoka kwa nani, naye aliipata kwa nani, na kati yake na kaseti ile ya kwanza iliyokuwa ukumbini kuna vizazi vingapi. Kila mara kaseti inaponakiliwa huongeza mvumo wake, hupunguza ukali wa matoazi, na mashine mbovu hubadilisha mwendo kidogo, gitaa likapanda au kushuka nusu sauti. Kwa hiyo nasaba ya kanda ndiyo thamani yake. Nikiwaeleza rafiki zangu wa Pwani jambo hili huwaambia ni isnadi: habari hupimwa kwa mnyororo wa walioipokezana, na pete moja ikikosekana habari nzima hutiliwa shaka. Kuna wanaosahihisha mwendo wa kanda kwa kusikiliza mvumo wa umeme uliojipenyeza kwenye rekodi, kwa kuwa umeme wa Marekani hutetema mara 60 kwa sekunde na wa Ulaya mara 50. Mvumo ukisoma tofauti, kanda imekwenda mbio au imezubaa, na kiasi cha kuirekebisha kinajulikana. Hii ni kazi ya nyaraka. Ilifanywa na watu wenye ajira nyingine, usiku, bila kulipwa.

Kwa nini Pink Floyd hasa? Bendi nyingi hurekodi albamu kisha huipeleka jukwaani. Pink Floyd, katika miaka yao ya awali, mara nyingi walikwenda kinyume: wimbo ulizaliwa jukwaani, ukakua mbele ya watu kwa miezi, ndipo ukaingia studio. Mwenye albamu tu ana mtu mzima. Hana utoto wake. Katika maonyesho ya 1972 ya The Dark Side of the Moon, sehemu ambayo leo ni zile mbio za sintesaiza, kinanda cha kielektroniki, za On the Run ilikuwa gitaa na piano ya umeme wakijibizana tu. Pale ambapo baadaye Clare Torry aliimba bila maneno, Januari 1973, sauti inayomsisimua kila anayeisikia, mwaka mmoja nyuma kulikuwa na kinanda cha Richard Wright na sauti za watu wakisoma maandiko ya dini kutoka kwenye mkanda. Ukisikiliza maonyesho ya mwaka ule kwa mfuatano unaisikia kazi ikitafuta umbo lake, mji kwa mji. Hakuna kitabu kinachoweza kukueleza hivyo.

Rudi nyuma zaidi, Septemba 17, 1969, ukumbi wa Concertgebouw mjini Amsterdam. Siku hiyo bendi ilipiga kazi ndefu yenye sehemu mbili, The Man na The Journey, ambayo haikuwahi kutolewa kama albamu. Katikati ya onyesho wanamuziki walishika misumeno na nyundo, wakakata mbao na kugongomea misumari kwa mapigo, kisha wakaletewa chai na kuinywa palepale jukwaani. Redio ya Uholanzi ilitangaza onyesho hilo, waliokuwa na vinasa sauti majumbani wakalinasa, na kwa zaidi ya miaka 40 waliotaka kujua Pink Floyd ya 1969 ilikuwa ikifikiria nini waliijua kupitia kanda za magendo. Bendi ililitoa rasmi mwaka 2016, ndani ya mkusanyiko mkubwa wa miaka yao ya awali.

Kanda ninayoirudia mara nyingi kuliko zote ni ya Brighton, Januari 20, 1972, usiku wa kwanza kabisa wa The Dark Side of the Moon. Nakala niliyo nayo ina mvumo mzito, kama mvua ya mbali juu ya bati. Kazi inaanza, inakwenda, watu wamenyamaza kwa sababu hakuna anayejua kinachofuata. Inafika Money. Mlio wa sarafu na mashine ya fedha ulikuwa kwenye mkanda uliotakiwa kwenda sambamba na bendi, na usiku ule vitu viwili hivyo vikakataa kwenda pamoja. Wimbo unayumba, unakufa. Roger Waters, mmoja wa wanabendi, anawaambia watu kwamba mitambo na umeme vimewashinda, na watapiga kitu kingine. Kazi nzima haikusikika mpaka kesho yake, Portsmouth. Mtu aliyekuwa ameketi mle ndani na mashine yake hakuzima. Kwa sababu hakuzima, tunajua kwamba mojawapo ya albamu zilizouzwa sana duniani ilianza kwa kuvunjika katikati, na tunaisikia ikivunjika. Kampuni gani ingehifadhi jambo hilo? Kampuni huhifadhi ushindi.

Msomaji wa Mombasa au Unguja hahitaji kuelezwa sana hapa. Wapenzi wa taarabu walizijua kaseti zilizorekodiwa harusini, zenye vigelegele na kelele za viti, ambamo mwimbaji huongeza ubeti ambao haumo kwenye rekodi ya studio. Wapo waliozithamini hizo kuliko za studio, kwa kuwa humo ndimo wimbo ulimokuwa hai. Kinachowasukuma wakusanyaji wa Pink Floyd ni kiu hiyohiyo.

Sasa nigeuke kwenye hoja za upande wa pili, maana zipo na baadhi ni nzito. Nzito kuliko zote inahusu haki ya msanii kuamua nini kisikike na lini. Robert Fripp wa bendi ya King Crimson ameitetea kwa miaka mingi. Kwake, kurekodi kwa siri ni kuvunja ahadi kati ya mpiga muziki na msikilizaji; mtu anayehangaika na mashine yake hayupo kweli ukumbini, naye amechukua kitu ambacho hakukabidhiwa. Na Pink Floyd waliumizwa hasa kwa namna hii. Mwishoni mwa 1974 walizunguka Uingereza na nyimbo tatu mpya. Msikilizaji mmoja alirekodi onyesho la Novemba 19 mjini Stoke-on-Trent, wachapishaji wakatoa santuri yenye maneno ya nyimbo jaladani, na santuri ikaenea kiasi kwamba wako walionunua wakidhani ndiyo albamu mpya ya bendi. Fikiria unaandika shairi, uko kwenye rasimu ya tatu, na unalikuta limepigwa chapa na kuuzwa kwa jina lako. Sipuuzi uchungu huo. Mtu aliyenufaika kwa santuri ile alifanya dhuluma, na miaka 50 haiigeuzi kuwa halali.

Lakini hoja hiyo ina mpaka wa wakati. Madhara ya Stoke yalitokana na kwamba kazi ilikuwa bado mikononi mwa wenyewe, haijaiva. Nyimbo zile tatu zote zilikuja kutoka: mmoja ukawa Shine On You Crazy Diamond, mingine miwili ikabadilishwa majina na maneno na kuingia Animals ya 1977 kama Sheep na Dogs. Zilipokwisha kutoka, rasimu iliacha kumdhuru mwandishi. Ikawa ushahidi wa kazi yake. Ndiyo maana kanda ya Millard ina thamani iliyo nayo. Ilirekodiwa Aprili, albamu ikatoka Septemba. Mle ndani wimbo wa Have a Cigar unaimbwa na Waters na mpiga gitaa David Gilmour wenyewe, kabla hawajaamua studio kumpa mwimbaji wa nje, Roy Harper. Polisi wa Los Angeles walikamata zaidi ya watu 500 katika usiku zile tano za bendi mjini humo, wengi kwa bangi, na Millard alikuwa akirekodi mlemle. Fripp naye, nasema hili kwa heshima, amelijibu swali lake kwa vitendo: kampuni yake ya DGM imetoa maonyesho mengi ya zamani ya King Crimson, mengine kutoka kwenye kanda za wasikilizaji walewale waliokatazwa.

Hoja ya pesa ni nyepesi kuliko inavyosemwa. Dhidi ya wachapishaji ni ya kweli, nimekwishakubali. Dhidi ya waliobadilishana kaseti sijaona inaposimama. Aliyetuma kaseti tupu Uholanzi kutafuta onyesho la 1969 alikuwa tayari amenunua kila albamu, na kile alichokitafuta hakikuwa kikiuzwa na yeyote. Wengine waliliona hili mapema. Grateful Dead waliwaacha watu warekodi, na Oktoba 1984 wakawatengea sehemu maalumu ukumbini, na bendi hiyo iliishi kwa mapato ya tiketi miaka yote. Rekodi ya onyesho lao la Mei 8, 1977 katika Chuo Kikuu cha Cornell, iliyofanywa na fundi wao wa sauti na kusambazwa na wabadilishanaji wa kaseti, imeingizwa na Maktaba ya Bunge la Marekani kwenye orodha ya rekodi zinazostahili kuhifadhiwa na taifa. Upande mwingine ulikuwa na Peter Grant, meneja wa Led Zeppelin, ambaye mwaka 1971 mjini Vancouver watu wake walivunja chombo cha ofisa aliyekuwa akipima kelele, wakidhani ni kinasa sauti. Ukali wote huo haukuzuia kitu: Led Zeppelin ni miongoni mwa bendi zilizorekodiwa kwa siri kuliko nyingine.

Dhaifu kuliko zote ni ile inayosema kwamba kama maonyesho haya yangekuwa na maana, wenye haki wangeyahifadhi wenyewe. Anayesema hivyo anadhani ghala la kampuni ni mahali salama, na hajauliza yaliyotokea. Julai 1969, binadamu alipotua mwezini, Pink Floyd walipiga muziki wa papo kwa papo katika studio ya BBC kusindikiza matangazo. Picha za kipindi hicho hazipo tena, kama picha za vipindi vingi vya miaka ile, kwa kuwa kanda zilikuwa ghali na shirika lilizifuta ili kuzitumia upya. Sauti ya Pink Floyd ya usiku ule ilibaki, na kwa miaka mingi makazi yake yalikuwa kwenye makabati ya wakusanyaji. Juni 2008 moto uliunguza ghala la Universal huko Hollywood pamoja na kanda asilia nyingi sana za wanamuziki wakubwa, na ukubwa wa hasara haukujulikana hadharani mpaka 2019. Mali iliyowekwa mahali pamoja huungua pamoja. Nakala mia moja zilizotawanyika katika miji mia moja haziungui siku moja.

Nao wakusanyaji wana hoja yao mbovu, na ni haki niitaje kwa uwazi uleule: kwamba muziki ni wa watu wote, na hakimiliki ni tamaa ya makampuni tu. Sivyo. Waliopiga ule muziki walikuwa watu wanne wenye familia, na kazi yao ina wenyewe. Mkusanyaji akishaanza kusema kila kilichonaswa ni chake, amejiweka ukingo mmoja na mchapishaji wa santuri za Stoke, tofauti ikiwa bei tu. Heshima ya desturi ya kaseti tupu na stempu ilikuwa pale pale kwenye kukataa kudai umiliki. Ukiiondoa, kinachobaki ni tamaa ya kuwa nacho.

Tufike kwenye sheria, sehemu ambayo wengi hawaitazami na ambayo ndiyo inaeleza mengi. Mwaka 2011 Umoja wa Ulaya uliongeza ulinzi wa rekodi za sauti kutoka miaka 50 hadi 70, lakini kwa sharti: rekodi ambayo haijatolewa kwa umma ndani ya miaka 50 tangu ifanywe hupoteza ulinzi huo. Itumie au uikose. Matokeo yalionekana mara moja. Mwishoni mwa 2012 Sony ilitoa Ulaya mkusanyiko wa rekodi za awali za Dylan kwa nakala takriban 100 tu, na jina lake lilitaja wazi kuongeza muda wa hakimiliki. Desemba 2013 zikafuata rekodi za Beatles za 1963. Desemba 2021 yakatokea mtandaoni maonyesho 12 ya Pink Floyd ya miaka ya 1970 hadi 1972, bila tangazo, majalada ya haraka haraka. Desemba 2022 yakafuata mengine 18, yote ya 1972. Mashabiki walishukuru wakidhani ni zawadi. Sauti ya baadhi yake ilikuwa mbaya, kwa sababu zilikuwa kanda zilezile za wasikilizaji zilizokuwa zikizunguka kwa miongo, na majina ya waliozirekodi hayakuwapo.

Tazama sasa tarehe tuliyoanza nayo. Onyesho la Aprili 1975, kwa hesabu ya sheria hiyo, lilikuwa na mpaka wa mwisho wa Desemba 2025. Toleo lilitoka Desemba 12. Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu pekee. Maadhimisho ya miaka 50 ni ya kweli, kazi ya Wilson ni ya mtu aliyejali, na safari hii jina la Millard limetajwa, jambo ninalolipongeza kwa moyo wote. Nasema tu kwamba saa ya sheria ilikuwa ikihesabu, na kwamba siku ilipokaribia, mwenye mali hakuwa na kanda bora kuliko ile ya mtu aliyeingia nayo kwa siri. Hapo ndipo deni linapozaliwa. Haki ya miaka 70 tangu kutolewa inapatikana kwa kutoa kitu ambacho wengine walikihifadhi.

Deni hilo nalifikiria kwa mambo ya kutekelezeka. Kila rekodi ya msikilizaji inayotolewa rasmi itaje aliyeirekodi kama anajulikana, na nasaba ya kanda kama haijulikani. Pili, na hapa najua wengi watanipinga, kanda ghafi itolewe sambamba na iliyosafishwa. Msafishaji hodari huondoa mvumo, hupunguza makofi, huziba lile pengo ambapo mrekodi aligeuza kaseti upande wa pili. Matokeo huwa matamu masikioni. Lakini ile sekunde ya kimya, pale upande wa kwanza ulipokwisha na mtu gizani akageuza kaseti kwa vidole akiomba asionekane, nayo ni sehemu ya historia ya usiku ule. Ikifutwa kwenye toleo rasmi, na toleo rasmi likawa ndilo pekee lililobaki, msikilizaji wa mwaka 2075 ataamini kwamba kampuni ilikuwa na vipaza sauti vyake ukumbini. Tatu, wenye haki wasitumie toleo kama hili kuwafukuza wanaobadilishana nakala za zamani bila malipo. Hao ndio akiba ya dhamana, na dhamana haitupwi siku umelipwa.

Wakusanyaji nao wana kazi ambayo hawawezi kumsukumia mtu. Waliokuwa vijana mwaka 1972 wako katika miaka yao ya 70. Kaseti zao ziko kwenye maboksi ya viatu, maandishi ya kalamu yamefifia, watoto hawajui ni za nini. Millard alifariki mwaka 1994, na kwa miaka mingi ilisemekana kanda zake asilia zimepotea. Zilipopatikana, ni kwa sababu palikuwa na rafiki aliyejua thamani yake. Wengi hawana rafiki kama huyo. Kanda isiyo na tarehe, isiyo na jina la mji, ambayo mwenye kuijua amekufa, ni kelele tu. Zinapaswa kunakiliwa kwenye faili zisizopunguza sauti, kuandikwa zilivyopatikana, na nakala moja kupelekwa mahali pa umma, iwe maktaba ya taifa au chuo kikuu, hata kama itabidi ifungiwe huko mpaka sheria iruhusu isikilizwe.

Mtihani halisi wa haya yote hauko mbali. Mwaka 1976 Pink Floyd hawakufanya ziara. Ziara ya 1977 ilianza Januari mjini Dortmund na kuishia Montreal, Julai 6, kwa hiyo rekodi zake ambazo hazijatolewa zina mpaka wa mwisho wa mwaka 2027. Usiku wa Montreal ndio ambao Waters alisimamisha wimbo na kuwagombeza watu waliokuwa wakirusha fataki, kisha akamtemea mate shabiki aliyekuwa akipanda kuelekea jukwaani. Gilmour alikataa kurudi kwa wimbo wa mwisho, wenzake wakapiga taratibu huku mafundi wakianza kubeba vyombo. Kutokana na aibu ya usiku huo Waters aliandika albamu ya The Wall. Msikilizaji mmoja alirekodi, na kanda imekuwa ikizunguka tangu wakati ule, fataki na matusi na yote. Nitaangalia Desemba ya 2027 kama Montreal itakuwamo kwenye orodha, na kama itakuwamo, kama watakuwa wameacha ile sauti ya Waters akipaza kelele gizani, au watakuwa wameisafisha.